Njano mbili: kisa cha redio ya wati tano iliyokuwa inapasha moto sanduku

"Kaka shikamoo, hivi hizi wati tano kweli zinafika mahali au mnatudanganya tu?"

Ndo voice note iliyoniingilia Jumapili moja usiku, nipo Dar nimeshajilaza. Mtumaji kijana wa Tanga, leseni anayo, ishara ya wito inayoanza na 5H anayo, na ana mikono mizuri ya solda kuliko mimi, hilo nakiri kabisa. Alikuwa ametengeneza kirusha mawimbi chake mwenyewe cha mita 40, yaani masafa ya MHz 7 hivi, kazi ya wiki tatu, halafu usiku nne mfululizo hakisikiki. Naandika kisa hiki kwa urefu maana nimeona watu kama watatu wameingia shimo hilohilo, na wote walitoka wakisema QRP ni ya wazungu wenye antena ndefu.

Kwa asiyejua, QRP ni kurusha kwa nguvu ndogo, wati 5 kushuka chini ukitumia Morse na wati 10 kwa sauti. Kijana hakuwa anapiga Morse, alikuwa anatumia WSPR, ule mtindo aliouanzisha Joe Taylor mwaka 2008, yule mwanafizikia wa Nobel ya 1993. Redio yako inatuma ujumbe mfupi sana, ishara yako ya wito, mraba uliopo kwenye ramani na nguvu unayorushia, inachukua karibu sekunde 111, na inaanza sekunde moja baada ya dakika shufwa. Wasikilizaji wenye kompyuta duniani wanaipokea na kuiweka mtandaoni peke yake, we asubuhi unafungua unaona nani kakusikia, kwa kiwango gani. Inasikika hata ikiwa desibeli 28 hivi chini ya kelele, kwa sikio la kawaida hapo hamna kitu kabisa ni mvua tu.

Sasa kidude chenyewe. Arduino Nano, yaani kikompyuta kidogo cha kuongoza kazi, mojawapo ya zile bodi za Si5351 za kuzalisha masafa, chipu moja ya kusukuma, halafu transista tatu za BS170 zimefungwa sambamba, zinakula betri ya bodaboda ya volti 12. Mbele yake filta ya kuzuia masafa ya juu, koili tatu na kapasita nne, halafu waya unatoka kwenda kwenye antena. Mchoro wa kawaida, umetengenezwa na watu wengi, kwa volti 12 unatoa wati tatu na ushee hivi. Antena ni waya mbili, kila mkono mita 10.15, katikati imening'inizwa kwenye mnazi kama mita nane juu, imeshuka pande zote mbili kama paa la banda.

Usiku nne, matokeo ni haya: msikilizaji mmoja Afrika Kusini kamsikia mara mbili kwa -27, yaani desibeli 27 chini ya kelele, na mmoja wa Réunion mara moja kwa -28. Basi. Yaani ni mtu anayezama kaonesha kidole.

Nkamuuliza, unajuaje ni wati tano? Akasema amepima. Nikaliacha hapo, na hilo ndo kosa langu la kwanza, maana ningeuliza umepimia WAPI tungemaliza usiku uleule.

Badala yake nikakimbilia antena. Mazoea hayo, ukiambiwa haisikiki unasema antena, na mara nyingi unapatia. Nikamwambia mnazi ule karibu na bati la jirani, mara waya wa dishi uliotumia ni wa omu 75, mara mikono haijalingana. Masikini akamlipa mkwezi mara mbili kupanda na kushuka. Alikuwa na NanoVNA ya kuazima, kile kifaa kidogo cha kupimia antena na filta, akapima, SWR (kipimo cha antena inavyokubaliana na redio, 1 ndo bora kabisa) ikawa 1.3 kwenye MHz 7.040. Safi. Na ule waya wa dishi, niseme tu, nilimwonea bure, mita 20 za ule waya kwenye masafa haya zinakula kidogo mno na hiyo 75 haina madhara ya kusema.

Alipoona mkwezi anaanza kumzoea akaniambia kaka tukubali tu, wati ndogo ni ndogo, nitafute pesa ninunue ya wati 100.

Hapo nkakasirika kidogo, si kwake, kwa hiyo hoja yenyewe. Kutoka wati 5 hadi 100 ni mara ishirini, sawa, lakini kwa desibeli ni 13 tu, kwenye mita ya msikilizaji ni hatua mbili na kidogo. Nikamwambia nenda MHz 14.100 jioni kaa hapo dakika tatu usikilize. Kuna vituo 18 duniani vinapokezana kwenye masafa hayo, kila kimoja sekunde kumi, Kenya ipo na 5Z4B, Afrika Kusini ipo na ZS6DN. Kila kituo kinataja jina lake kwa Morse halafu kinapiga milio minne mirefu: wa kwanza wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati. Kijana akatega ZS6DN kwa redio ya kupokelea. Akanirudia: kaka milio mitatu nimeisikia, wa tatu kama unavunjikavunjika lakini upo. Ehee. Wati moja kutoka Pretoria imefika Tanga na hiyo ni kwa masikio, bila kompyuta kuchambua. Sasa ya kwako wati tano na WSPR haifiki inakwama wapi?

Ndo tukaanza kazi ya kweli.

Nkamwambia atoe antena, aweke mzigo bandia, yaani resista za jumla ya omu 50 zinazokula nguvu yote bila kurusha hewani. Hana. Akataka kutumia zile nyeupe za saruji za wati tano, nkamwambia hapana, zile ndani ni waya umezungushwa, kwa masafa haya ni koili imevaa kanzu ya resista. Akachukua vipande 20 vya kilo-omu moja vya robo wati, akavifunga vyote sambamba kwenye sahani mbili za kopo la maziwa, 1,000 gawa kwa 20 unapata 50, na kwa pamoja vinabeba wati 5. Shilingi chache sana. Halafu dayodi moja ya 1N4148 na kapasita ndogo, ili mita ya kawaida isome kilele cha volti. Ukishapata kilele unaongeza 0.6 ya dayodi, unazidisha kwa yenyewe, unagawa kwa 100. Hesabu ya darasa la saba.

Mita ikasoma 9.0. Ongeza 0.6 ni 9.6, mara yenyewe 92, gawa kwa 100... wati 0.92.

Kimya kwenye simu. Halafu akasema, "Lakini kaka nilipopima mwanzo ilitoka volti 25, ni wati sita!"

Umepimia wapi? Ndo swali langu likaja, limechelewa wiki nzima. Kumbe alipimia kwenye miguu ya transista, kabla ya filta. Pale umeme hauko kwenye wimbi laini, ni mapande ya mraba na mikia yake, kilele chake hakikuambii kitu chochote kuhusu nguvu, na ile hesabu ya kugawa kwa 100 inafanya kazi kwa wimbi safi tu. Ni kama kupima uzito wa gunia huku mtu analirusharusha kwenye mizani. Lakini yeye aliamini, na kwenye programu akaandika nguvu ni 37, ambayo kwa lugha ya WSPR ndo wati tano. Kwa hiyo usiku nne redio ilikuwa inatangaza dunia nzima kwamba hii ni wati tano ya Tanga, wakati kinachotoka hakifiki hata wati moja.

Tukapima na upande wa betri. Volti 12.4, ampea 0.45, ni wati 5.6 zinaingia. Inatoka 0.92. Zaidi ya wati nne na nusu zinapotelea ndani ya kisanduku cha plastiki cha ukubwa wa sabuni! Sasa nguvu haipotei hivihivi, ikipotea inageuka joto, kwa hiyo nkamwambia washa, irushe dakika nzima, zima, halafu gusa kila kitu kwa kidole, taratibu.

"Transista za moto lakini zinashikika. Chipu ya baridi. Ah! Kaka hii pete ya kwanza imenichoma."

Pete. Yaani koili za filta, zile za kuzungusha waya kwenye kipete cha unga wa chuma. Pete hizi kwenye filta ya wati tatu zinatakiwa ziwe na uvuguvugu wa chapati iliyosahauliwa mezani, basi. Hazichomi mtu. Nkamwambia nipige picha, karibu, na mwanga.

Picha ikaja. Pete tatu za njano, kazi safi, waya umelala vizuri. Nikavuta karibu nikahesabu mizunguko. Sita. Ya kati saba. Nikafungua mchoro: 21, 24, 21.

Hapa ndo moyo wa kisa chote ulipo kwa hiyo nitakaa kidogo. Mchoro unasema chukua pete ndogo ya aina ya 6, ambayo rangi yake ni NJANO. Kijana alitafuta Tanga mjini hakupata, akaenda kwa fundi kompyuta, akakuta mazabodi za zamani zimerundikwa, zina vipete vya njano. Njano si njano? Akavichomoa. Akazungusha 21 kama mchoro, akapima kwa kile kipimo cha bei nafuu cha koili, ikasoma karibu maikrohenri 15 badala ya 1.4. Sasa hapo mtu angesimama akajiuliza kwa nini imekuwa mara kumi. Yeye akafanya kinachoonekana cha akili: akapunguza mizunguko hadi kipimo kikasema anachotaka. Sita, ikasoma 1.2. Saba, 1.6. Karibu kabisa na inavyotakiwa. Akasolda, akafunga.

Zile pete si za aina ya 6. Ni aina ya 26. Watengenezaji wanazipaka rangi ili uzitofautishe, na ya 6 ni njano, sehemu nyingine imeachwa bila rangi unaona kijivu cha unga wenyewe, wakati ya 26 ni njano na uso wake mmoja MWEUPE. Kwenye picha yake zilikuwa zimelazwa weupe chini. Nkamwambia geuza moja. Akageuza. "Nyeupe kaka."

Ukitaka uhakika bila rangi, hesabu inatosha. Ukubwa wa koili ni namba fulani ya pete mara mizunguko mara mizunguko. Ya 6 ya ukubwa ule mdogo namba yake ni 3 nanohenri, 21 mara 21 ni 441, mara 3 ni 1,323, yaani maikrohenri 1.3, ndo mchoro unavyotaka. Ya kwake: 1.2 kwa mizunguko sita, 1,200 gawa kwa 36 unapata 33. Thelathini na tatu! Hiyo ni namba ya pete ya 26 ya ukubwa wa inchi nusu, imeandikwa kwenye majedwali ya watengenezaji. Unga wake unavuta sumaku zaidi, 75 ukilinganisha na 8.5 ya aina ya 6, kwa sababu kazi yake ni kulainisha umeme kwenye pawa saplai, masafa ya chini huko. Ukiupelekea MHz 7 unapata ukubwa sahihi wa koili lakini kila wimbi linapopita unga unajisugua na kula sehemu yake. Na kile kipimo cha bei nafuu hakiwezi kukwambia hilo, kinapima kwa masafa ya chini sana ambako pete ile iko nyumbani kwao, inajibu kwa adabu zote.

Kwa hiyo mtu alipima mara mbili, na mara zote mbili kifaa hakikukosea. Maswali ndo yalikuwa ya mahali pengine. Mi simlaumu sana, ila mizunguko 21 ikigeuka 6 hiyo ni kelele, hata kama mita inasema sawa.

Tukamalizia ushahidi kwa NanoVNA, filta peke yake, ingizo huku tokeo kule, omu 50. Kwenye 7.040 ikaonesha hasara ya desibeli 4.6. Maana yake kati ya wati tatu zinazoingia inatoka moja, mbili zimebaki kwenye pete. Ndo maana kidole kikaungua.

Na kulikuwa na ushahidi mwingine ulikuwa mtandaoni toka usiku wa kwanza tukaupita wote wawili. Taarifa za WSPR zina safu ya kuhama kwa masafa ndani ya ile karibu dakika mbili. Zake zilikuwa -2, -3, -3. Kristali ya Si5351 ilikuwa sentimita mbili kutoka kwenye hizo pete, ikipashwa moto kila anaporusha. Masafa yanayohama kila mara upande uleule ni kipimajoto cha bure kabisa, siku hizi hicho ndo kitu cha kwanza ninachoangalia mtu akilalamika.

Kijana akatoa wazo: si tutoe filta kabisa, maana ndo inakula nguvu? Wazo baya, na nashangaa linavyopendwa. Transista zile zinatoa mapande, na ndani ya mapande kuna 7 ndiyo lakini kuna na 14, na 21 yenye nguvu, na kuendelea juu. Bila filta unarusha redio tatu kwa wakati mmoja na mbili kati yake ni kero kwa watu, leseni inakutaka uzizuie. Filta ni lazima. Koili ndo zibadilike.

Pete sahihi zinaagizwa nje, ni wiki kadhaa na posta. Hatukusubiri. Bomba la sindano la ml 10 kwa nje lina milimita 16 hivi, ukizungushia waya wa shaba wenye vanishi wa nusu milimita, ule wa kuvua kwenye mota ya feni iliyoungua, mizunguko 8 inakupa kama 1.45 na mizunguko 9 kama 1.75. Hakuna unga ndani, ni hewa tu, na hewa haijisugui. Tatizo lake moja: koili za hewa zinapigiana sumaku, zinaongea zenyewe kwa zenyewe filta inakuwa haizuii, kwa hiyo hazipangwi mstari mmoja kama askari, ya kati inasimama wima hizo za pembeni zinalala. Sanduku la sabuni likawa halitoshi, akahamia kwenye kopo la siagi.

NanoVNA tena: hasara 0.4. Mzigo bandia, mita ikasoma 18.0, ongeza 0.6, hesabu ileile, wati 3.46. Betri inatoa ampea 0.38, chini kuliko mwanzo, nguvu inayotoka imekaribia mara nne. Hata transista zimepoa maana sasa zinaona mzigo zinaoutaka. Tofauti kati ya 0.92 na 3.46 ni desibeli 5.8, hatua moja tu ya mita, mtu wa wati 100 angeipuuza. Ila ukiwa umesimama kwenye -27 na mlango unafungwa -28 hizo sita ndo kila kitu.

Usiku ule akarusha. Tukabishana kidogo kuhusu namba ya kuandika, maana WSPR hairuhusu 35, ni 33 au 37, mi nikasema andika 33, wati mbili, bora upungue kuliko uzidi, yeye anataka 37 yake. Akaandika 33. Yule wa Afrika Kusini akampokea kwa -21, desibeli sita juu, kama hesabu ilivyotabiri, nikacheka peke yangu. Réunion -22. Na kuelekea saa nane za usiku, Ulaya ikafunguka, wakaanza kuingia mmojammoja: Ujerumani -25, Italia -24, kisiwa kimoja huko Kanari -26. Kuna radi nyingi ukanda wetu, mita 40 usiku inanguruma kama mtu anakaanga mhogo, kwa hiyo kuna mizunguko mizima hakuna aliyempata. Lakini asubuhi kulikuwa na mistari 31 mahali palipokuwa na mitatu kwa usiku nne.

Voice note ya alfajiri ilikuwa fupi: "Kaka, mkwezi anadai tumalizie hesabu yake."

Zile pete za 26 hazijatupwa. Mbili kazifunga kwenye waya wa chaja ya betri, iliyokuwa inapiga kelele kwenye redio yake ya kupokelea, na pale zinafanya kazi vizuri maana ndo kazi yao. Kuhama kwa masafa kumeshuka hadi -1, hakujaisha, kristali bado iko karibu na transista. Kaweka kipande cha boksi la viatu katikati kama ukuta, wiki hii tunaangalia kama kitaleta sifuri au kitaungua.